Alan Turing: mwanahesabu aliyechagua dawa ili asiingie gerezani

Mwezi wa Machi mwaka 1952, korti moja ya Uingereza ilimweka Alan Turing mbele ya njia mbili: kifungo cha gereza, au matibabu ya homoni za kike kwa muda wa mwaka mmoja. Alichagua dawa. Alikuwa na miaka 39, na tayari alikuwa amehesabiwa kati ya watu waliofungua njia ya mashine tunazoziita leo kompyuta. Miaka miwili na miezi michache baadaye, alikuwa amekufa.

Maisha yake yanasimuliwa tena na tena kila pahali panapojadiliwa swali hili gumu: mtu aliyehukumiwa kwa kosa la ngono apewe dawa ya kuzima tamaa ya mwili, afungwe, au asaidiwe kubadili mwenendo ili arudi katika jamii bila kuwa hatari? Na munganga akiitwa na hakimu, anamtumikia nani?

Mtoto aliyelelewa mbali na wazazi

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko India. Wazazi waliporudi kule kazini, Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza mikononi mwa familia ya mwanajeshi mustaafu. Kwa hiyo utoto wake ulipita kwa sehemu kubwa bila baba na mama karibu.

Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa kwenye shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kuanza masomo, mwaka 1926, mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuwa umesimamisha treni. Yeye alichukua baiskeli yake na kusafiri karibu kilomita 100 peke yake, akalala njiani katika hoteli, akafika shuleni kesho yake. Wenzake walilikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi.

Kule shuleni alipata rafiki aliyeitwa Christopher Morcom, kijana mwenye akili ya sayansi kama yeye. Mwezi wa Februari 1930 Morcom alikufa kwa kifua kikuu kilichotokana na maziwa ya ng'ombe. Kifo hicho kilimuumiza Turing sana. Kwa muda mrefu aliendelea kumwandikia barua mama ya marehemu, akijiuliza kama akili ya mtu inaweza kuendelea kuwepo wakati mwili umekwisha.

Mwaka 1931 aliingia chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka 1935, akiwa na miaka 22 tu, alichaguliwa kuwa mmoja wa watafiti wa King's College. Mwaka uliofuata aliandika makala iliyomfanya ajulikane. Ndani yake alifikiria mashine moja rahisi inayosoma na kuandika alama kwenye utepe, moja baada ya nyingine, kwa kufuata maagizo. Alionyesha kwamba mashine moja ya namna hiyo, ikipewa maagizo yanayofaa, inaweza kufanya kazi ya mashine nyingine zote. Simu unayoisomea habari hii inafanya kazi kwa wazo hilo. Kisha alienda Marekani, Princeton, ambako alipata udaktari wa hesabu mwaka 1938.

Vita vya siri

Vita kuu ya pili ilipoanza, Turing alifika Bletchley Park tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita juu ya Ujerumani. Hapo ndipo serikali ilikusanya wataalamu wa kuvunja siri za adui.

Jeshi la Ujerumani lilituma ujumbe wake kwa mashine iliyoitwa Enigma. Kwa macho ilifanana na mashine ya kupiga taipu, lakini ilichanganya herufi kwa njia nyingi mno hata mtu asingeweza kuzijaribu zote, na mpangilio ulibadilishwa kila siku. Wanahesabu wa Poland walikuwa wametangulia kuichunguza, na muda mfupi kabla ya vita waliwapa Waingereza na Wafaransa siri walizokuwa nazo. Kutoka hapo Turing alibuni mashine mpya ya kutafuta mpangilio wa siku, na ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940. Mwisho wa vita kulikuwa na zaidi ya 200.

Yeye mwenyewe aliongoza kikundi kilichopambana na ujumbe wa jeshi la majini, ambao wengi waliona hauwezi kuvunjika. Kazi hiyo ilikuwa ya kufa na kupona, kwani nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli zilizoleta chakula, mafuta na silaha kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kujua pahali nyambizi zilipo kulimaanisha kupitisha meli njia nyingine na kuokoa watu.

Mwaka 1941 alimchumbia Joan Clarke, mwanahesabu mwenzake wa hapo kazini. Baada ya muda mfupi alimwambia ukweli kwamba anavutwa na wanaume, kisha akavunja uchumba huo. Walibaki marafiki.

Vita ilipokwisha, wote waliofanya kazi Bletchley Park walifungwa na kiapo cha kunyamaza, na raia hawakujua lolote mpaka miaka ya 1970. Turing alichora mipango ya kompyuta kwenye maabara ya taifa karibu na London, kisha mwaka 1948 alihamia chuo kikuu cha Manchester. Mwaka 1950 aliandika makala maarufu juu ya swali kama mashine inaweza kufikiri, na mwaka 1951 alipokelewa katika Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa pia mkimbiaji hodari: mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 46.

Alikwenda polisi kama mwenye kuibiwa

Mwezi wa Desemba 1951 Turing alikutana na kijana wa miaka 19 mjini Manchester, wakaanza uhusiano. Mwezi uliofuata, wezi waliingia nyumbani kwake huko Wilmslow. Kijana yule alimwambia kwamba anamshuku mtu aliyemfahamu yeye. Turing alipeleka mashtaka polisi kama raia yeyote aliyeibiwa. Lakini maofisa walipomuuliza amejuaje habari za mwizi, maelezo yake hayakushikamana. Mwishowe alisema waziwazi uhusiano uliokuwepo kati yake na kijana huyo.

Hapo mwenye kuibiwa akageuka mshtakiwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1885 iliadhibu kila tendo la namna hiyo kati ya wanaume, hata kama lilifanywa ndani ya nyumba na kwa kukubaliana. Adhabu ilifika miaka miwili ya gereza. Ndiyo sheria iliyomfunga mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895 kwa miaka miwili ya kazi ngumu.

Kesi ilisikilizwa tarehe 31 Machi 1952. Turing alikiri, ingawa hakuona kama alikuwa amemkosea mtu. Wakubwa wa kazi walikuja kumshuhudia kwamba ni mtu wa maana kwa taifa, lakini kazi aliyoifanya wakati wa vita haikuweza kutajwa. Korti ilimwacha nje ya gereza chini ya uangalizi kwa miezi 12, kwa sharti moja: akubali kutibiwa na munganga katika hospitali kuu ya Manchester.

Dawa iliyozima mwili

Wakati ule, wanganga wengi waliamini kwamba kuvutwa na wanaume wenzako ni ugonjwa wa homoni. Kwanza, katika miaka ya 1940, wengine walijaribu kuwapa wanaume kama hao homoni za kiume, wakidhani kwamba uanaume wao umepungua. Matokeo yalikuwa kinyume, kwani tamaa ilizidi. Ndipo wakageukia homoni za kike. Mwaka 1949 jarida la wanganga la The Lancet lilichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba estrojeni nyingi inaweza kuua tamaa ya mwanaume kwa muda mfupi. Kwa mahakimu hiyo ilionekana kuwa habari njema: njia ya upole kuliko gereza, na yenye jina la sayansi.

Kumbe dawa hiyo haikumbadilisha mtu moyo wala mawazo. Ilizima mwili tu. Turing alipewa vidonge kwanza, na baadaye akawekewa kijiti cha dawa chini ya ngozi ya paja, kama vile wanawake wanavyowekewa mkononi kwa uzazi wa mpango. Akapoteza nguvu za kiume. Akaota matiti. Mtu aliyekuwa akishindana mbio na wakimbiaji wakubwa wa nchi aliona mwili wake unageuka mbele ya macho yake. Alitegemea kwamba dawa ikikoma yote yatarudi kama zamani, kwa sababu ndivyo ilivyosemwa.

Hakufukuzwa chuo kikuu, na hakuacha kazi. Mwaka huohuo wa 1952 alichapisha utafiti wake juu ya namna viumbe vinavyopata maumbo na madoa yao, utafiti ambao wanabiolojia wanaendelea kuutumia leo. Lakini aliondolewa ruhusa ya kushiriki kazi za siri za serikali. Nchi ile aliyoitumikia wakati wa vita ilianza kumwona kama mtu hatari.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi linasahauliwa. Katika kipindi hicho Turing alianza mwenyewe, bila kulazimishwa na korti, kumtembelea mwanasaikolojia aitwaye Franz Greenbaum. Walizungumza juu ya maisha yake, ndoto zake na mama yake. Greenbaum hakumwona kama mtu wa kurekebishwa kwa nguvu, na Turing akawa rafiki wa nyumba yake, mpaka akacheza na watoto wake. Kwa hiyo mtu mmoja, wakati mmoja, alipitia njia mbili: ile ya dawa aliyoamriwa, na ile ya mazungumzo aliyoichagua. Ya kwanza aliivumilia hadi siku ya mwisho ya hukumu. Ya pili aliendelea nayo hata baada ya hukumu kuisha.

Kifo na msamaha uliochelewa

Matibabu yalikoma mwezi wa Aprili 1953. Tarehe 8 Juni 1954 mtumishi wa nyumba alimkuta amekufa kitandani. Alikuwa amekufa siku moja kabla, kwa sumu ya sianidi, na kando yake kulikuwa na tofaa lililoumwa. Tofaa hilo halikupimwa kamwe. Uchunguzi wa serikali ulisema alijiua. Mama yake hakukubali mpaka mwisho; yeye aliona ni ajali, kwa kuwa mwanawe alifanya majaribio ya kemia nyumbani na sianidi ilikuwepo. Mtu hawezi kusema kwa uhakika kwamba dawa ndiyo iliyomuua, kwa sababu ilikuwa imekoma zaidi ya mwaka mmoja. Alikuwa na miaka 41.

Mwaka 1957 tume ya serikali ya Uingereza ilipendekeza sheria hiyo ibadilishwe, na mwaka 1967 tendo la faragha kati ya wanaume wazima liliacha kuwa kosa Uingereza na Wales. Tarehe 10 Septemba 2009 waziri mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa jina la serikali. Mwezi wa Desemba 2013 malkia alimsamehe Turing, na mwaka 2017 sheria iliwasamehe maelfu ya wengine waliohukumiwa kama yeye. Tangu 2021 sura yake iko kwenye noti ya pauni 50.

Tusichanganye mambo

Ni lazima kusema wazi: Turing hakuwa mbakaji. Hakumlazimisha mtu, na kijana yule hakumshtaki. Kila mmoja wetu anaweza kuwa na msimamo wake wa imani juu ya mwenendo wake, lakini kumweka fungu moja na mtu anayebaka mtoto ni kukosa haki. Hilo lenyewe ni fundisho la kwanza: sheria inaweza kukosea juu ya nani ni mhalifu, na ikikosea huku imeshika sindano, kosa linaingia ndani ya mwili wa mtu.

Fundisho la pili ni juu ya kukubali. Wako wanaosema kwamba Turing alichagua mwenyewe, na kwamba kumnyima nafasi hiyo kungekuwa kumpeleka gerezani bila sababu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mgonjwa wa kweli anaweza kukataa dawa, au kuiacha katikati, bila kuadhibiwa. Turing angeiacha, angerudi mbele ya hakimu. Ndiyo ya namna hiyo haiwezi kuwa sawa na ndiyo ya mgonjwa mbele ya munganga wake.

Leo nchi kadhaa zina sheria za kuhasi kwa dawa watu waliobaka, hasa waliobaka watoto. California ilianza mwaka 1996, na baadaye zikafuata Poland, Korea ya Kusini na Indonesia. Mwaka 2024 Madagascar ilikwenda mbali zaidi, ikakubali hata upasuaji kwa wanaobaka watoto wadogo. Indonesia ilipopitisha sheria yake mwaka 2016, chama cha wanganga wa nchi hiyo kilikataa kuitekeleza. Walisema kazi ya munganga ni kutibu, adhabu ina watu wake.

Hii haimaanishi kwamba dawa haina nafasi kabisa. Wako watu wanaoteswa na tamaa wasiyoweza kuizuia, na wengine wao wanaomba wenyewe kusaidiwa kwa dawa ya kupunguza homoni za kiume. Munganga akiwafuatilia, akapima mifupa na afya yao, na mwanasaikolojia akawa pembeni, dawa inaweza kuwasaidia. Lakini ikiachwa, tamaa inarudi. Dawa peke yake ni kifuniko juu ya chungu kinachochemka.

Nayo njia ya marekebisho haina miujiza. Uingereza yenyewe iliendesha kwa miaka mingi mafunzo ya vikundi gerezani kwa waliohukumiwa kwa makosa ya ngono. Mwaka 2017 utafiti wa wizara ya sheria ulionyesha kwamba asilimia 10 ya waliofuata mafunzo hayo walirudia kosa la ngono, dhidi ya asilimia 8 ya waliofanana nao lakini hawakuyafuata. Mafunzo hayo yalisimamishwa na mengine kuwekwa pahali pake. Ni vizuri kwamba walipima, kwa sababu nia njema peke yake haimlindi mtoto wa mtu.

Kwetu hapa

Wakaaji wa Kivu na Ituri hawana haja ya kuelezwa ubakaji ni nini. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inauadhibu kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kuhasi hakumo ndani yake. Kila mara tendo baya linapotokea, wengine wanadai wahusika wahasiwe. Hasira hiyo inaeleweka, hasa pale ambapo mshtakiwa anatoka gerezani kabla ya kesi kuisha.

Lakini tukumbuke kesi ya Kavumu, katika Kivu ya Kusini. Kati ya 2013 na 2016, karibu watoto wa kike 40 walichukuliwa usiku na kubakwa, wengine hawajatimiza hata miaka miwili. Mwezi wa Desemba 2017 korti ya kijeshi iliwahukumu wanamgambo 11 kifungo cha maisha. Ilisikika mbele ya korti kwamba walidanganywa na mtu wa dawa za kienyeji kuwa damu ya watoto hao ingewakinga vitani. Hapo ni homoni gani ya kuzima? Kilichofanya kazi pale ni silaha, uchawi na hakika ya kwamba hakuna atakayewashika. Mambo hayo yanazuiliwa na polisi wanaokuja wanapoitwa, waamuzi wasiohongwa, na wakubwa wa vikundi wanaofikishwa kortini pamoja na watu wao.

Wanganga wetu, kama wale wa Panzi mjini Bukavu, wamejulikana duniani kwa kushona miili iliyoharibiwa na ubakaji. Waliobakwa wanawaendea bila hofu kwa sababu wanajua kwamba ndani ya hospitali hakuna atakayewaumiza tena. Mbunge atakayetaka sheria ya kuhasi nchini Kongo aanze kwa kuwauliza wanganga hao kama wako tayari kushika sindano hiyo. Awaulize pia waamuzi ni washtakiwa wangapi walihukumiwa kwa haraka, bila avoka wa kuwatetea. Kifungo kilichotolewa kwa makosa kinaweza kukatwa siku yoyote, mtu akafunguliwa mlango na kurudi kwake. Turing alingoja radhi ya serikali miaka 57, na ilipokuja hakuwepo wa kuipokea.